Dobi wa Udongo

Mwaka umetimia, Baba, tangu mtaro uliokuwa ukiuchimba ulipokufukia. Bado hatujazoea. Mama anapika bado kwa kipimo chako, kisha anakaa akikitazama chakula kilichobaki.

Ulikuwa injinia wa kiwanda cha ngozi, tena hodari. Mashine uliyoibuni ilifanya kazi ya siku mbili kwa siku moja. Ukapandishwa cheo, ukapigwa picha, sisi tukatamba shuleni. Maji machafu nayo yakaongezeka maradufu, yakateremka hadi shamba la dada yako, chini ya ukuta wa kiwanda. Mahindi yakakauka yangali machanga, udongo ukajaa chumvi. Shangazi alikuja mlangoni kwetu, akakataa kukaa, akasema, “Umeniulia shamba, injinia.” Tangu siku hiyo hakukuita kaka tena.

Ukaacha kazi. Watu wakasema umerukwa na akili. Miaka nenda miaka rudi, kila kukicha ulikuwa shambani kwake, unachimba mitaro na kukinga mvua ili maji yapite kwenye udongo na kuondoka na chumvi. Majirani wakakubandika jina, Dobi wa Udongo, nawe ukacheka kuliko wao. Ulionja udongo kwa ncha ya ulimi, ukatema, ukatikisa kichwa. Mama alipokugombeza kwamba mtu mzima hali udongo, ulimjibu kwamba huli, unaonja tu.

Shangazi alikuona kila siku kupitia dirisha lake. Hakukupa hata maji ya kunywa.

Asubuhi ile mvua ilikuwa kubwa mno. Ulikwenda kuzibua mtaro usifurike, ukingo ukaporomoka. Tulipofika, Shangazi alikuwa keshashuka shimoni, anakufukua kwa vidole huku analia, “Kaka, nisemeshe. Kaka.” Neno ulilolingoja miaka yote lilikuja, Baba, nawe hukulisikia. Hilo linatuuma kuliko yote.

Hatutakudanganya. Shamba halijapona. Msimu huu mahindi yalitoka upande wa juu tu, membamba, ya manjano. Kiwanda kinaendelea na mashine yako. Watu walitaka mtaro ufukiwe. Shangazi akawafukuza, akaumalizia mwenyewe.

Tulipoandaa tangazo hili tulimuuliza tumtaje vipi. Akasema, “Andikeni dada yake. Tena mwanzo kabisa.”

Unakumbukwa na dada yako. Unakumbukwa na mkeo, wanao, wakwe zako na wajukuu. Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote.