Barua Iliyoota Ukungu

Nyumba ya Fundi Saa,
chumba cha nyuma, ghorofani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Kabla hata ya salamu, nakuomba barua hii uisome peke yako, kisha uifiche mahali ambapo Mjomba hatafika akitafuta miwani yake. Mama asijue kabisa. Akisikia nilikuwa nakohoa tangu mvua zilipoanza, kesho utamkuta kituo cha basi na begi lake.

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na ngazi za kwenu sasa unazipanda bila kusimama katikati. Mimi sijambo, na safari hii sisemi hivyo kwa ajili ya heshima ya barua tu. Kifua ni chepesi.

Unaikumbuka masjala yetu, kile chumba cha chini kisicho na dirisha tunamotunza mafaili. Bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta, na nyuma ya makabati ukungu mweusi ulikuwa umepanda hadi kwenye swichi ya taa. Mwenzangu, Mama Gundi, tunayemwita hivyo kwa kuwa ndiye anayebandika majalada yaliyochanika, alikuwa akikohoa mpaka anashika meza. Meneja wetu, Bwana Kesho, alimwambia ni umri tu, kisha akaanza kumuulizia habari za kustaafu mapema. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Akiondoka na kifua kile, nani angemtibu?

Ulinishauri nisiseme kwa mdomo tu, niandike. Niliandika. Ila nikuambie nisilomwambia mtu mwingine: sikuthubutu kuipeleka barua hiyo peke yake. Niliichomeka katikati ya maombi ya likizo ya watu kumi na wawili. Kwetu kila karatasi inayoingia kwa meneja lazima aitie saini kwenye daftari la kupokelea, naye husaini huku anaongea na simu. Akasaini. Siku mbili baadaye barua ikarudi masjala, juu yake ameandika kwa wino wake wa kijani: "Ifailiwe." Nikaiweka kwenye faili la matengenezo, nikanyamaza. Nilijiona mjinga.

Daktari aliyempima Mama Gundi ndiye aliyewaandikia wakaguzi wa afya kazini. Jumatano moja, wiki tatu zilizopita, akaja mkaguzi, mama mmoja mfupi aliyevaa mabuti ya mvua. Alikwangua ukuta kwa ufunguo, akanusa, kisha akatuita sote ofisini kwa meneja.

Bwana Kesho alieleza kwa upole kwamba hajawahi kupewa taarifa yoyote, na kwamba huenda unyevu ule unatokana na birika letu la chai. Mkaguzi akatugeukia, akauliza kama kuna maandishi. Nikasema yapo. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga; jina mlilonipa utotoni hamkukosea.

Nilishuka kuchukua daftari na faili la matengenezo. Wakati wa kurudi nilisimama kwenye ngazi, nikawaza niseme faili halionekani. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa. Kisha nikamsikia Mama Gundi akikohoa nyuma ya mlango. Nikaingia.

"Saini hii ya nani?" mkaguzi akauliza.

"Yangu. Lakini mimi nasaini vitu vingi."

"Na mwandiko huu wa kijani?"

Bwana Kesho akaichomeka kalamu yake mfukoni. Mkaguzi akaiinua barua kwenye mwanga. Pembeni ilikuwa imeota madoa meusi, yaleyale ya ukutani. Mama Gundi akasema taratibu, "Uliturudishia tulale nayo kulekule chini, bosi. Nayo imeugua."

Shangazi, chumba kilifungwa siku ileile. Ukuta unabomolewa, bomba linabadilishwa. Kampuni imeandikiwa kugharamia matibabu yetu sote wawili, na habari za kustaafu mapema hazitajwi tena. Tumehamia ghorofa ya tatu. Tunayafuta mafaili moja moja, tumevaa barakoa, na tuna madirisha mawili. Mama Gundi hayafungi hata upepo ukimpeperushia karatasi.

Kitu kimoja kinanikereketa: wakijua niliichomeka, watasema nilimtega. Lakini aliyeandika "Ifailiwe" alikuwa ameiona. Najikumbusha hilo kila asubuhi, na kila asubuhi naliamini zaidi.

Nisalimie Mjomba, Kaka Mkubwa na mapacha. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na goti lisilolalamika.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukuogopa kidogo,
Kifaranga.

N.B. Usiniandikie tena kupitia ofisini. Bwana Kesho bado yupo, na siku hizi anasoma kila bahasha kabla ya kusaini. Tumia anwani ya fundi saa, baba mwenye nyumba wangu, na juu uandike "Kifaranga" tu, atajua. Au piga simu dukani kwake saa kumi na moja jioni. Ataniita kutoka chini. Usikate simu ukidhani nitachelewa. Ngazi zile sasa nazishuka mbio, na nitakuamkia bila kuhema.