Gunia Kwenye Tundu la Hewa

Jumatano, Juni

Eti mimi mwoga. Kabla ya kufunga ile mashine ya gesi ya kuchemshia maji, nilitoboa tundu la hewa chini ya ukuta wa bafu, maana gesi ikivuja hulala chini. Nimerudi kutoka kula, mwenye gesti, Mama Selina, ameliziba kwa gunia.

"Fundi, wageni wangu watakufa na baridi."

"Mama, hiyo gesi itawaua kabla ya baridi."

Akacheka, akaniita mwoga. Siku hizi za soko huria, alisema, kila fundi anajifanya daktari. Nikakusanya vifaa vyangu, nikaondoka, mashine sijaifunga.

Nyumbani nimekuta jiko la mkaa chumbani, watoto wanakohoa, dirisha limezibwa kwa gunia.

Nilitaka kumfokea mke wangu. Gunia hilo nililipigilia misumari mimi mwenyewe, wiki iliyopita.