Baridi Ndani ya Moto

Mama Nekesa wangu,

Watoto walitaka kuniandikia hii barua. Nikakataa. Mimi kalamu ni ya kuandika jina tu, unajua, lakini maneno ya mke wangu hayapitii mkono wa mtu mwingine.

Unakumbuka pale Jericho, Nairobi, wakati wazee wa mchumba wa Nekesa walikuwa wanakuja kuposa? Pombe ya kwanza niliipika mimi, na Eastlands nzima hakuna aliyenishinda kuchemsha maji ya kimea. Lakini sufuria ilikataa kupoa. Na hamira ukiitia kwa moto inakufa. Nikafunika gunia bichi, nikangoja. Asubuhi imechacha, inanuka kama maziwa ya juzi. Na yule mzee wao mkubwa alikuwa na sifa moja: akionja pombe mbaya, anachukua fimbo yake, posa imekwisha. Nekesa akalia siku nzima.

Wewe hukulia. Ulisema, "Baba Nekesa, wapika chang'aa wanapitisha mvuke wa moto kwa paipu ndani ya maji baridi. Sisi tupitishe maji baridi kwa paipu ndani ya moto."

"Mwanamke hanifundishi pombe. Mimi nimefanya kazi kiwanda cha bia!"

"Ulikuwa unafagia."

"Nilifagia nikiangalia!"

Ukacheka, ukaenda zako kwa fundi wa friji, ukarudi na paipu ya shaba. Uliijaza mchanga isije ikavunjika ikikunjwa, ukaizungusha kwa mkebe wa rangi mpaka ikawa kama springi. Halafu ukamwaga mchanga, ukaiosha, ukaitumbukiza kwa sufuria ya pili ya kimea ikiwa bado inachemka. Ukafunga mpira wa maji kutoka mfereji wa ploti. Mimi nimesimama mlangoni, mikono nyuma, nangoja uaibike.

Haki, ugali haungeiva kabla ya ile sufuria kupoa! Na upande wa pili wa paipu maji yanatoka moto, majirani wanakuja na karai. "Mama Nekesa, leo mmefungua bafu?"

Siku ya posa, mzee yule akasema kwa desturi aliyepika aonje kwanza. Wote wakanitazama mimi. Hata wewe ulinitazama, ukijua vile napenda sifa. Nikachukua kikombe nikakupa. Wazee wakanung'unika, mwanamke kutangulia! Ukanywa taratibu, ukafuta mdomo, ukasema, "Kunyweni wazee, haiumi." Yule mzee akanywa. Akaongezewa. Fimbo ilikaa ukutani mpaka jua likazama.

Nekesa sasa ana wajukuu. Wananiambia babu unajisifu sana. Ndiyo, najisifu. Nawaambia wasichana walikuwa wengi, na mimi, mtu wa kufagia, bila kushauriwa na mtu, niliangalia nikaona wewe.

Pumzika, mama. Hapa nimebaki na ubishi tu na sina wa kubishana naye.

Mume wako,
Baba Nekesa