Mti wa Yago Pale Bichi

Homa Bay, 4 Februari 2025

Dolphine mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni magoti tu yananisumbua, na natumaini wewe pia u mzima huko Migori. Salamu zimeishia hapo, kwa sababu nimekasirika.

Leo asubuhi nimekuta ule mti wa yago, ule mwegea wa matunda marefu hapa bichi, umepigwa alama nyekundu ya kukatwa. Fundi aliyeshika kopo la rangi anaitwa Omosa. Nilipomfokea akanijibu kwa upole, "Mama, mimi natumwa tu. Aliyechora hii bustani mpya ya bichi ni msichana wa hapa hapa, Dolphine." Wanawake wote wanaoanika dagaa wa omena wakageuka kuniangalia. Sikujua niweke uso wangu wapi.

Usinipigie simu. Kwenye simu kila mara uko mkutanoni. Kaa chini uandike, kama baba yako alivyokuwa akiniandikia akiwa anavua samaki kisiwani Takawiri, na huo mti uutoe kwenye orodha ya kukatwa.

Mama yako.


Migori, 9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na magoti. Mimi sijambo, ni kazi tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na imeniudhi. Nimesomea miaka mitano kupanga bustani na viwanja vya watu wote. Nimepewa mradi wa kwanza wa kwetu, na wa kwanza kunigombeza ni wewe. Tunda moja la yago lina kilo saba, Mama. Mwaka jana lilivunja kioo cha gari, na ni wewe uliyeniambia. Pale chini nimeweka mabenchi na njia ya watoto. Likimwangukia mtoto wa mtu, nani ataitwa? Ni mimi.

Na usidhani nimewasahau watu wetu. Nimechora ukuta wa majina ya wote waliochukuliwa na ziwa wasionekane tena, ili familia zao zipate mahali pa kusimama. Orodha nilipewa na mzee wa kanisa. Jina la baba lilikuwemo kwa makosa, nikalifuta, kwa sababu yeye alipatikana na ana kaburi lake nyumbani.

Huo ni mti tu.

Binti yako, Dolphine.


Homa Bay, 15 Februari 2025

Dolphine,

Mimi si mzima, sitakudanganya. Tangu nisome kwamba umelifuta jina la baba yako Zablon, sijapata usingizi.

Baba yako hajapatikana mpaka leo. Walimtafuta siku tisa. Siku ya kumi ndugu zake walikwenda bichi, wakachuma tunda kwenye mti ule ule, wakalivisha shati lake la bluu, wakalilaza kwenye jeneza na kulizika. Hivyo ndivyo watu wa hapa wanavyomzika mtu ambaye ziwa limekataa kumrudisha. Mimi Mkuria wa Kehancha sikuyajua hayo. Niliwatukana shemeji zangu, nikasema sitalilia tunda. Jirani yetu Scovia ndiye aliyenishika mabega akaniambia, "Pauline, lia. Hatuna kingine cha kukupa." Nikalia.

Wewe ulikuwa na miaka saba, unaugua surua kwa nyanya yako Kehancha. Uliporudi ukaniuliza, "Baba yuko humu?" Nikasema ndiyo. Ningekwambia nini?

Mimi huenda kukaa chini ya mti ule nikitaka kuongea naye, si pale kaburini. Sasa unajua unachokata. Wapigie hao watu leo.

Mama yako.


Migori, 2 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Habari ya magoti sitaiuliza leo, nina hasira na wewe.

Miaka ishirini na miwili nimelipalilia kaburi lile. Siku ya kumaliza chuo nilipiga magoti pale na joho langu nikamwambia baba nimefaulu. Wewe ulikuwa nyuma yangu ukinipiga picha. Ulijua, ukanyamaza, ukaniambia nisogee kushoto jua lisiharibu picha. Nani humfanyia mtoto wake hivyo? Barua yako niliifungia kwenye droo karibu wiki mbili. Sikumpigia mtu yeyote, na simu zako sikuzishika. Nilisema moyoni, acha ukatwe.

Juzi Ijumaa nikashindwa. Nimemwandikia mkandarasi auache mti. Nimesogeza mabenchi na njia, nikauzungushia mti ua mfupi ili watoto wasipite chini ya matunda. Kazi hiyo ilinichukua nusu saa. Nusu saa tu, na ningeweza kuifanya tangu mwanzo. Jina la baba nimelirudisha, liko la kwanza.

Bado nimekukasirikia.

Binti yako.


Homa Bay, 6 Machi 2025

Dolphine mwanangu,

Barua yako imefika. Magoti yangu bado ni yale yale. Lile la picha limenichoma kwa sababu ni kweli. Nilikukosea. Sasa na wewe nisikilize.

Waliukata tarehe ishirini na sita, siku mbili kabla hujamwandikia mkandarasi. Zile simu zangu sita zilikuwa za siku hiyo. Saa nne asubuhi walikuwa wamemaliza, na saa sita lori likaondoka na magogo na matunda yote. Omosa hakuweza kunitazama usoni.

Jumamosi iliyopita Tony wa Scovia alizama karibu na Takawiri. Ni Tony yule uliyesoma naye darasa moja. Ameacha mke mjamzito. Wamemtafuta mpaka wamechoka. Jana Scovia alikuja bichi na shati la mwanawe mkononi. Anajua mti haupo, sote tunajua, lakini miguu ilimpeleka pale. Alikizunguka kisiki mara mbili, kisha akakikalia, akiangalia mabenchi yako mapya. Nilimwinua tukaondoka pamoja.

Tulipanda boda boda hadi Rangwe, tukauliza boma kwa boma mpaka tukapata mti wa yago. Ulikuwa umebakiwa na tunda moja. Mwenye mti alipoona lile shati alituchumia bila kuuliza. Scovia alilipakata njia nzima. Nilimwomba tulipasue tutoe mbegu chache tuje tupande bichi. Aliniangalia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Pauline, huyu ni Tony. Tumkate?"

Tunazika Jumapili. Scovia anajua ni wewe uliyechora. Hajakutukana, na afadhali angekutukana. Ameniomba nikuulize, maana wewe ndiye uliyesomea viwanja vya watu wote: ziwa likimchukua mtoto wa mwingine, mama yake ataenda wapi na shati?

Nimemwambia utakuja umjibu mwenyewe. Nitasimama kando yako, mwanangu, lakini sitakusaidia kujibu.

Mama yako.