Tumekodishwa

Pangani, 14 Mfungo Tatu 1305 (Agosti 1888)

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Sihaba,

Nashika miguu yako. Mimi ni mzima, homa imeniacha, na chakula cha hapa si haba. Hofu yangu ni kwenu. Kifua chako je? Na mdogo wangu Bwanausi, bado anakoroma mpaka jirani wanagonga ukuta?

Tangu Kampuni ya Wadachi inichukue kuwa mkalimani wao sijafanya kazi ngumu kama ya juzi. Watu waliitwa mbele ya forodha, Mdachi akasoma karatasi yake, mimi nikafasiri. Karatasi inasema Sayyid wa Unguja amewapa Wadachi pwani yote kwa miaka hamsini. Wao watatoza ushuru, watahukumu, na kila mwaka watamlipa yeye. Nikatafuta neno, mama. Ningesema amana, lakini amana hailipiwi. Ningesema rehani, lakini Sayyid hakukopa. Ningesema ameuza, nisingefika nyumbani. Nikasema, "Sayyid amekodisha pwani."

Kisha mwuza tumbaku mmoja akauliza, "Kinachokodishwa ni nyumba. Na sisi tuliomo ndani?"

Mdachi akataka kujua kasema nini. Nikamwambia anauliza habari za nyumba. Nililala vibaya usiku ule, sikufichi, lakini mshahara ni mzuri na paa lako nitaliezeka kabla ya vuli.

Mwanao,
Msabaha


Bagamoyo, 5 Mfungo Nne 1306 (Septemba 1888)

Mwanangu Msabaha,

Marahaba, na Mungu akukuze. Mimi sijambo, kifua kinakohoa chake na mimi naendelea na yangu. Bwanausi hakoromi tena, kwa sababu halali.

Barua yako imechelewa, neno lako limetangulia. Wachukuzi walilileta kutoka Pangani, na sasa ukimwuliza mtu hali Bagamoyo, anakujibu, "Tumekodishwa." Mwanzo walicheka. Kisha Mdachi wa hapa akataka bendera ya Sayyid ishushwe, na kila mwenye shamba alete hati. Nilikwenda kwa ajili ya shamba letu la Mlingotini. Nikawaambia hati yangu ni kaburi la marehemu baba yako, limo katikati ya minazi aliyoipanda mwenyewe, waende wakasome. Mkalimani wao akanambia kaburi si hati. Tangu siku ile hakuna anayecheka.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Bi Mize, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alifiwa na mama yake. Nikapika wali, nikaupeleka msibani. Sinia likarudishwa na kawa yake juu, halikufunuliwa. Hakuna aliyenitukana. Nimekaa na sinia lile mbele yangu nikilia kama mtoto, kisha nikawapa kuku. Mji umenisusa, mwanangu, kwa ajili ya kinywa chako. Mimi ni mtu mzima na kifua hiki si cha kuaminika. Nikifa kesho, nani ataingia mlango huu? Nani atanibeba?

Acha kazi hiyo. Njoo Ijumaa, usimame msikitini, uwaambie neno lile silo. Bwanausi anasema usipokuja wewe ataisafisha nyumba hii yeye, na ananoa shoka lisilokuwa la kuni.

Barua hii nampa Akberali, mwenye duka la nguo mtaani kwetu, aipitishe Unguja.

Mama yako,
Sihaba


Unguja, 14 Mfungo Nne 1306

Mama yangu,

Nashika miguu yako, na naomba uwe na afya kuliko mimi. Barua yako nimeisomea hapa Unguja. Watu wa Pangani walitufungia ndani ya nyumba mimi na Wadachi, siku baada ya siku, mpaka tukatolewa kwa mashua. Wengine waliokuwa nje walinijua kwa jina, wakaniita, nami nikajificha chini ya dirisha.

Kuja msikitini siwezi tena, watanichinja kabla sijatoa salamu. Lakini mkamate Bwanausi. Mfungie chumbani, mwambie unaumwa, mlilie, mama, wewe unajua kumlilia. Meli ya vita ya Wadachi imekwenda huko kwenu. Nimeiona mizinga yake kwa macho yangu. Wao watapiga wakiwa majini na gobori halifiki. Akberali anawavusha watu wake kuja Unguja, nimemwomba awawekee nafasi ninyi wawili. Tafadhali, njooni hata bila mkeka.

Mwanao,
Msabaha


Bagamoyo, 27 Mfungo Nne 1306

Msabaha,

Barua yako ilifika siku tuliyosoma khitma ya mdogo wako.

Alikwenda na watu wa mtaa wetu kuivamia nyumba ya Wadachi. Hakunitoroka. Alikuja kuniaga, akakaa kitandani kwangu, akanambia, "Mama, mimi bendera siijui. Nataka watu wale wali wako." Nilimlilia kama ulivyoniagiza kabla hujaniagiza. Aliondoka. Wadachi walishuka melini, wakawapiga watu wakikimbia, naye alipigwa mgongoni karibu na forodha.

Hawakumwosha, walisema shahidi haoshwi. Walimleta na damu yake, mji mzima nyuma yake. Nyumba ilijaa mpaka barazani, mpaka njiani. Bi Mize alinishika kichwa akakiweka mapajani mwake. Wanawake waliingia jikoni mwangu bila kuuliza sufuria ziko wapi. Nami, Mungu anisamehe, nilipoona watu wamejaa nilifurahi. Mwanangu yumo ndani ya jeneza na mimi nilifurahi kwamba watu wamekuja. Ndipo mliponifikisha, wewe na waliokukodi.

Bi Mize akasema, "Una mwana mmoja, Sihaba, na huyo tumemzika."

Usije, na nafasi ya Akberali mpe mwingine.

Mama yako,
Sihaba


Unguja, 2 Rajabu 1306 (Machi 1889)

Mama yangu,

Nashika miguu yako. Hii ni barua ya nne tangu ya msiba, na hakuna uliyoijibu. Akberali ananiambia u hai, unakohoa, na mtaa mzima unakula kwako. Basi hilo lilinitosha, nikaacha kukusumbua.

Leo nakusumbua. Wadachi wanakuja kuisafisha mitaa ya upande wenu, wanasema wapiganaji wanalala humo. Wamenichukua mimi. Usiniulize kwa nini nimekubali. Hapa Unguja nikikaa barazani watu huinuka, hakuna anipaye kazi ila wao, na nilifikiri kama lazima waje na mkalimani, afadhali awe mwenye mama huko.

Nimemwomba mkubwa wao jambo moja tu, naye amekubali. Nyumba itakayokuwa na kitambaa cheupe juu ya mlango, hiyo ni ya mama yangu, haitaguswa. Tundika kitambaa, mama. Kisha ukitaka usinione maisha yako yote.

Mwanao,
Msabaha


Bagamoyo, 9 Rajabu 1306

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimezidi, lakini mdomo bado.

Nimeisoma barua yako, kisha nikamsomea Bi Mize, naye akaita mtaa. Hakuna wapiganaji hapa, wamekwenda zao porini, wamebaki wazee, wanawake na watoto. Kuna waliotaka kuichana barua, kuna waliolia. Mimi nilifungua kasha nikatoa bafta yangu, ile sanda niliyojiwekea kwa siku yangu, nikaikata vipande. Kila mlango wa jirani zangu una kitambaa cheupe sasa, na nimekitundika kwa mkono wangu.

Kwa hiyo wakikuuliza nyumba ya mama yako ni ipi, sema ni hizi. Wewe hodari wa kutafuta maneno, tafuta la kuwaambia. Kwangu usihofu, mimi sina mtoto mdogo wa kumficha.

Bwanausi alikupenda. Hakupata kusema neno baya juu yako, hata siku ile.

Mama yako,
Sihaba


Bagamoyo, 16 Rajabu 1306

Mama,

Nashika miguu yako. Sina wa kumpa barua hii, na sijui nani ataitika salamu yangu.

Barua yako niliipata asubuhi tuliyoondoka Unguja. Nilimwambia mkubwa wao njiani kwamba nyumba zenye vitambaa zote ni za jamaa zangu. Alicheka, akasema nina ukoo mkubwa, lakini ahadi ni ahadi. Nikamshukuru. Nilimshukuru, mama, mara mbili.

Tulipokaribia alinipa darubini. Mtaa wote ulikuwa na vitambaa, isipokuwa nyumba moja, na niliijua kwa paa ambalo sikuliezeka. Bafta haikutosha, au uliikata ili isitoshe, sitajua. Yeye akasema, "Hiyo isiyo na kitambaa ndimo walimo." Nikamwambia hiyo ndiyo nyumba ya mama yangu. Akanitazama kama mwongo. Akasema, "Nyumba ya mama yako ulisema ndiyo yenye kitambaa." Nilimshika mkono, nikapiga kelele kwa lugha yake na kwa yetu. Mzinga ulipigwa.

Walikutoa kifusini wao, Bi Mize na wengine. Sanda yako waliishona kwa vipande walivyovivua milangoni. Nilisogea kushika jeneza, wakasimama. Bi Mize akanambia polepole, "Wewe kaa na wenzako." Wakanipita. Mumewe ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea, mahali pangu.

Nilisimama mbali na askari. Mkubwa wao akaniuliza watu hawa wengi wanamzika nani. Nikamjibu kwa lugha yake, nikamfasiria sawasawa:

"Mama yao."

Mwanao,
Msabaha