Malata ya vyumba vitatu

Mado mjukuu wangu,

Komeo ulilolisikia kabla ya mapambazuko nililifungua mimi, nikienda kwa Tata Nasoro, yule mfanyabiashara. Amenikopesha pesa za malata ya kuezekea vyumba vyote vitatu vya kupangisha. Mwaka huu mvua haitabomoa kuta zetu. Nakimbilia sokoni kabla bei haijapanda.

Maharagwe yako motoni, ongeza maji. ~~Usimwambie baba yako.~~ Mwambie baba yako, aliyecheka kwamba mzee kama mimi hakopeshwi, atoe mbuzi wake mle vyumbani. Wapangaji wanakuja.

Nilimpa Tata Nasoro karatasi ya lupango, kiwanja chetu hiki, iwe rehani. Akanirudishia mkononi.

"Mama, utanilipa kwa kodi. Lakini usije siku ya kulipa tu. Uje tena tuongee."

Kambo yako