Marehemu wa Indiana

Jumapili, 20 Oktoba 1996

Tangazo baada ya misa. Wageni kutoka Indiana, Marekani, watafika kigangoni kwetu tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu. Ndio waliotutolea mabati ya kanisa. Mwenyekiti wetu, Mzee Wendelin, alitangaza utadhani yeye ndiye aliyewazaa. Kavaa suti ya sufi katika joto hili la Ifakara! Jasho linadondokea karatasi.

Halafu likaja lenyewe. Mwaka huu kila kaya itaandikisha marehemu mmoja tu. Mmoja! Miaka yote tunaandika wote, majina yanasomwa hata saa nzima, watu wanasinzia, hakuna aliyewahi kulalamika. Sasa eti muda hautoshi. Wageni wanataka kuwahi kuona viboko mtoni.

Sisi tunao wawili. Baba, mwaka wa tatu sasa. Na Donati, mdogo wangu — mtumbwi ulipinduka Machi hii akirudi na mpunga.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimeitwa kwa Mzee Wendelin. Shikamoo yangu kaitikia huku anapekua kabati. Mimi ndiye nitakayesoma majina, kwa sababu nilifika form four na mengine ni ya Kizungu. Mengine yapi? Akatoa kalenda, wageni waliituma pamoja na rozari. Ukurasa wa nyuma majina kumi na mawili, kila moja na miaka yake.

"Hawa ndio marehemu wao," akasema.

Nikasoma pale juu. Imeandikwa: watu maarufu waliozaliwa Indiana. Nikamweleza. Akaniangalia kama nimemfundisha askofu ishara ya msalaba. Maarufu sawa, akasema, lakini wamekufa, si unaona miaka? Na kweli, huku kwetu jina la mtu na miaka yake unaviona pamoja kwenye msalaba wa kaburi tu.

Yumo mzee aliyetajirika kwa kuuza kuku wa kukaanga. Yumo mmoja wa wale ndugu wawili waliorusha ndege ya kwanza. Mdogo wake hayumo, kazaliwa jimbo la jirani, basi hataombewa. Yumo Dillinger — chini ya jina wameandika kabisa kwamba alikuwa jambazi wa mabenki! Tena yumo Michael Jackson. 1958, kistari, halafu hakuna kitu. Nikasema Mzee, huyu ni mzima, kaseti zake zinauzwa pale sokoni. Akasema mwaka wa kufa wamesahau kuuandika.

Wao kumi na wawili. Sisi mmoja.

Jumatano, 30 Oktoba

Siku ya mwisho ya kuandikisha. Mama alinipa karatasi: Hermenegildi na Donati, mstari mmoja, herufi ndogo ndogo, ili waonekane kama mtu mmoja. Maskini mama. Mzee Wendelin akachukua kalamu nyekundu, akamkata Donati. Pale pale, mbele yangu. Mwezi wa tatu alibeba jeneza lake huyu!

Nikamwuliza huyo jambazi wa Indiana kaya yake ni ipi. Akasema nikiendelea na mdomo, kusoma atasoma Teddy. Teddy, ambaye hata jina la shule yake kwa Kiingereza linamshinda! Nikachukua karatasi, nikaondoka. Najichukia.

Nilipomwambia mama, aliendelea kupepeta mchele. Akasema ni sawa, baba ndiye mwenye nyumba, lazima atangulie. Halafu ungo ukasimama.

"Baba yako angeelewa, alikuwa mtu mzima. Donati ataona nimemsahau."

Nina hasira.

Ijumaa, 1 Novemba

Wageni wamefika. Watatu. Kuku wanne wamechinjwa. Nikawa mkalimani. Mkubwa wao, mzee mrefu mwenye masikio mekundu, kaombwa asimulie Indiana ikoje. Tambarare, kasema. Mahindi, mahindi, mahindi. Yaani Kiberege yetu ya hapa jirani! Wametoka mbali kote huko kutuletea habari za Kiberege. Mzee Wendelin akapiga makofi.

Jumamosi, 2 Novemba



Kanisa lilijaa mpaka nje. Nilisoma kwanza wa kwetu, mmoja mmoja, haraka haraka. Baba nilimsoma. Kisha wa kwao. Kwa yule wa ndege wageni wakainua vichwa. Kwa mzee wa kuku wakatazamana. Padri, ambaye hakuonyeshwa orodha, akaanza kukohoa. Nikafika kwa Michael Jackson. Vijana wa kwaya wote wakageuka, Faustin wa besi akauliza kwa sauti: "Amekufa lini?" Waumini wakaitikia apumzike kwa amani. Wengine kwa machozi kabisa.

Aliyefuata Dillinger. Nikamwona mama, mstari wa tatu, kitenge kimefunika mdomo. Nikasoma: Donati Hermenegildi.

Jambazi nikamruka, hesabu yao ikabaki ile ile. Mama aliitikia peke yake kwanza, kabla ya watu. Nilimsikia.

Baada ya misa yule mzee mrefu alinijia na kijidaftari. Majina yote ya Indiana anayajua, akasema, isipokuwa la mwisho-mwisho. Huyu Donati alifanya nini? Nikamtafsiria Mzee Wendelin, neno kwa neno. Mama alikuwa hatua mbili kutoka pale. Mzee Wendelin alimtazama mama, akatazama yale mabati juu, akajibu: mtu mkubwa sana. Mgeni akasema angependa ukurasa mmoja wa habari zake, akausome kanisani kwao wakirudi. Wanaondoka leo saa kumi.

Yaani mwenyekiti angeweza kusema ukweli, yakaisha. Hapana! Kanivuta pembeni, kaniamuru niandike, na nisisahau kuweka kwamba alizaliwa Indiana.

Sasa ni saa nane na nusu. Viboko wanatazamwa. Mzee Wendelin hakwenda nao, yuko hapa uani, anakohoa ili nijue anasubiri. Mama kaleta kigoda, kakaa karibu yangu, ananitajia mambo ya kuandika. Kwamba alikuwa anapiga kasia kwa mkono wa kushoto. Kwamba alikuwa hapendi perege wa kukaanga, mpaka wa kuchemsha. Kwamba siku ile alikataa kumwacha mzee wa watu na magunia yake ng'ambo, akarudi mara ya pili.

Hili la kurudi mara ya pili nilikuwa silijui.

Nimeshaandika jina. Nimeandika 1978, kistari, 1996. Mzee Wendelin amesogea mlangoni, anauliza nimefika wapi. Mama ndiye aliyemjibu, bila kugeuka: "Amefika pale Donati alipozaliwa. Ingia, Mzee, usikilize."

Ameingia. Amesimama. Ninaandika: Alizaliwa Lipangalala, Ifakara.